Jumanne Mtauza Nini?

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu kijana mwenzetu wa Houston ambaye gazeti lako lilichapisha mazungumzo naye hivi karibuni. Nataka kumjibu kwa heshima, kama dada anavyozungumza na mdogo wake. Alieleza kwamba Waswahili walioko Marekani hawana mahali pa kukaa wakala chakula chao, kwamba kwa miaka sita amekuwa akiweka akiba, na kwamba anakusudia kufungua mgahawa utakaouza pilau, biriani, mishkaki na kuku wa kupaka, ukiwa wazi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku. Nilipoyasoma maneno hayo nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu, kwa sababu mgahawa wa namna hiyohiyo niliwahi kuufungua mimi na wenzangu wawili mwaka 2011, na haukufikisha mwaka wa pili. Sababu ya kuanguka kwake sikuielewa mpaka nilipofafanuliwa na mzee mmoja wa Kikuba, mwenye mgahawa ambao umekuwepo mtaani kwetu tangu miaka ya 1970, na ambao leo asubuhi, nilipotoka kazini, ulikuwa umejaa watu kama kawaida yake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na tangu mwaka 2003 naishi Union City, katika jimbo la New Jersey, mji uliojengwa juu ya jabali linalotazamana na Manhattan ng'ambo ya mto Hudson. Eneo lake halifiki maili mbili za mraba, lakini wakazi wake ni zaidi ya 68,000, na kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa miji yenye msongamano mkubwa kabisa wa watu nchini Marekani. Barabara yake ya biashara ni Bergenline Avenue, ambayo maduka yake yamebanana ubavu kwa ubavu, na humo hupita vibasi vidogo vya watu binafsi, ambavyo wenyeji huviita guagua kwa neno la Kikuba, vikikusanya abiria wa kwenda New York. Mtu aliyekulia kwenye daladala hahitaji kufundishwa namna ya kuvipanda. Wakuba walianza kufika hapa hata kabla ya mapinduzi ya Fidel Castro ya mwaka 1959, wengi wa hao wa mwanzo wakitoka katika mji mdogo wa katikati ya kisiwa uitwao Fomento, na walichokifuata ni kazi katika viwanda vya kutarizi, kwa kuwa eneo hili lilikuwa na sifa kubwa ya kazi hiyo tangu wahamiaji wa Kiswisi na Kijerumani walipoleta mashine zao. Baada ya mapinduzi waliongezeka mno, hasa katika miaka ya 1965 hadi 1973, wakati ndege zilipokuwa zikiwatoa watu Varadero na kuwapeleka Miami, hata mji wetu ukaitwa Havana ya mto Hudson.

Mgahawa ninaousema sitautaja jina, kwa kuwa sikuomba ruhusa ya mwenyewe. Una kaunta ndefu yenye viti kumi na viwili vya kuzunguka, meza chache zilizoegemea ukuta, bamba la chuma la kukaangia lililo mbele ya macho ya wateja, na dirisha linalofunguka upande wa barabara kwa ajili ya wale wanaotaka kahawa bila kuingia ndani. Hufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, zamu ya usiku, na nikitoka saa moja asubuhi miguu yangu hunipeleka pale kabla ya nyumbani. Nilipoingia mara ya kwanza, nikiwa sijui Kihispania hata neno moja, mhudumu aliyekuwa makamo ya mama yangu aliniita mi hija, yaani mwanangu, akaniwekea kikombe mbele yangu kabla sijaagiza kitu. Kihispania changu chote nimejifunzia kwenye kaunta ile, na mama huyo, ambaye sasa amestaafu, alinisahihisha matamshi kwa muda wa miaka kumi na mitano bila kuchoka.

Kahawa yao inastahili maneno yake yenyewe. Matone ya kwanza mazito yanayotoka mashineni hutiwa katika sukari, yakapigwa kwa kijiko kwa nguvu mpaka sukari igeuke povu la rangi ya hudhurungi, ndipo kahawa iliyobaki imiminwe juu yake na povu lipande. Wanaokwenda kazini kwa kundi hununua kikombe kimoja kikubwa, kiitwacho colada, ambacho hutolewa pamoja na vikombe vidogo vinavyokaribia ukubwa wa vile vya muuza kahawa wa Ngamiani, kwetu Tanga, na mmoja wao huwamiminia wenzake wakiwa wamesimama pale dirishani. Wanazungumza siasa, wanazungumza mpira wao wa kurusha na kupiga kwa gongo, wanaulizana nani amefiwa. Baraza nimeiacha Tanga nikiwa na miaka ishirini na tisa. Nilipoiona tena imesimama kwenye baridi ya Januari, watu wamevaa makoti na glavu, nilikaa kwenye gari la mwenzangu nikalia kidogo kabla ya kushuka.

Kuna jambo ambalo baadhi ya wasomaji wako watakuwa wameshalifikiria, nami sitalikwepa. Mimi ni Mwislamu, na jikoni mwa Wakuba nguruwe ndiye mwenye enzi: huokwa mzima wakati wa sikukuu, hukaangwa vipande, huwekwa katika sandwichi, na mafuta yake huingia hata mahali ambapo jicho halimwoni. Siku ile ya kwanza niliuliza kwa ishara na kwa picha ya mnyama niliyoichora kwenye karatasi ya kufutia mikono. Mpishi alitoka jikoni mwenyewe, akanionyesha sufuria moja baada ya nyingine. Maharage meusi yalikuwa hayana nyama, ila vitunguu, pilipili hoho, vitunguu saumu na bizari nyembamba. Maharage mekundu yalikuwa na vipande vya paja la nguruwe. Mkate wao mrefu, unaopendwa na kila mtu, akaniambia nisiuguse, kwa kuwa hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kuhusu mkate huo mimi nisingejua kamwe, na angeweza kunyamaza akaniuzia. Tangu siku ile ndizi zangu hukaangwa katika kikaango cha peke yake, nami nimekula pale wali, maharage meusi, mayai, samaki, muhogo na bamia kwa miaka zaidi ya ishirini bila kuwa na shaka na kinachoingia kinywani mwangu. Nasema haya kwa sababu uaminifu wa namna hiyo ndio unaomrudisha mteja, wala hakuna tangazo linaloweza kuununua.

Sasa nirudi kwenye mgahawa wetu. Tuliufungua katika mji jirani, tukapamba kuta kwa kanga na mikeka, tukaweka picha ya jahazi, na tukapanga orodha ya vyakula iliyofanana karibu neno kwa neno na ile ya kijana wa Houston. Ufunguzi wetu ulijaa mpaka watu wakala wamesimama. Watanzania walitoka hadi Pennsylvania, Wakenya wakatoka Jersey City, Wakongo wakaja na familia zao, na kwa miezi mitatu kila Jumamosi ilikuwa kama harusi. Lakini kodi ya pango hailipwi kwa Jumamosi peke yake. Mwali wa gesi uliwaka Jumatatu, mshahara wa mpishi ulihesabiwa Jumatano, nyama ya mishkaki iliyonunuliwa Alhamisi ilitaka kuuzwa kabla ya Jumatatu au itupwe, na pilau lililobaki hatukuwa na namna ya kuligeuza kuwa kitu kingine. Wateja wetu walitupenda, tena sana, lakini walitupenda mara moja kwa mwezi, kama mtu anavyompenda shangazi anayekaa mbali. Tulipunguza siku za kufungua, kisha tukapandisha bei, na mambo hayo mawili yakawapunguza hata wale wachache waliokuwa wakija. Tulifunga tukiwa na deni ambalo nililimaliza kulipa mwaka 2016.

Wiki moja baada ya kufunga nilikuwa nimekaa kwenye kaunta ya Wakuba nikiwa sina hamu ya kula. Mwenye mgahawa, mzee ambaye kwa kawaida husema maneno machache, alinisogelea akaniuliza kilichonisibu, nami nikamsimulia yote: kanga, jahazi, biriani, harusi ya kila Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Na Jumanne, mlikuwa mnauza nini?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tunauza vilevile tulivyouza Jumamosi, kwa watu ambao Jumanne hawakuhitaji biriani.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimekula jikoni mwake bila kuiona hesabu iliyomo, na baada ya swali lile nilianza kuitazama. Chukua ndizi. Kila Jumatatu hupokea makasha ya ndizi zile ndefu ambazo kwetu tungeziita mzuzu, zikiwa kijani kabisa. Siku za mwanzo hukatwa vipande vinene, vikakaangwa, vikabanwa kwa ubao wenye bawaba mpaka viwe bapa, vikakaangwa tena na kunyunyiziwa chumvi. Hizo huitwa tostones. Zile zinazokatwa nyembamba kama karatasi huwekwa pembeni ya sandwichi. Zikianza kupata manjano, huchemshwa na kupondwa kwa vitunguu saumu na mafuta, na chakula hicho huitwa fufú, jina ambalo rafiki zangu Wakongo hulisikia wakatabasamu. Mwisho wa wiki ganda likiwa limekuwa jeusi, mtu asiyejua akidhani zimeoza, ndipo hukatwa mshazari na kukaangwa mpaka sukari yake iungue kidogo pembeni, na hizo ndizo watoto wanazozigombania. Kasha moja limekuwa vyakula vinne, na hakuna ndizi iliyokwenda jalalani. Rafiki yangu wa Bukoba, ambaye kwa habari ya ndizi hakubali kufundishwa na mtu, alipoelezwa mpango huo alinyamaza, na kwake yeye kunyamaza ni sifa kubwa.

Nyama nayo ina mpango wake. Kipande cha ng'ombe cha ubavuni, kigumu na cha bei nafuu, huchemshwa asubuhi kwa saa kadhaa mpaka nyuzi zake ziachane. Mchuzi wa kuchemshia huwa supu ya siku hiyo, yenye tambi au viazi, na nyama huchambuliwa kwa vidole ikarudishwa katika nyanya, vitunguu na pilipili hoho, ikaitwa ropa vieja, yaani nguo kuukuu, kwa jinsi inavyofanana na kitambaa kilichochanika. Rafiki yangu huyohuyo ndiye aliyenieleza ladha yake, kwani mimi nyama ya pale siili. Maharage meusi nayo yana tabia ambayo kila mama wa Kiswahili anaijua: yakilala usiku kucha huwa matamu zaidi kesho yake. Wakuba wana jina la heshima kwa maharage hayo, huyaita maharage yaliyolala, na huyauza bila kuona haya. Sisi tunayo pia, tunayaita kiporo, lakini tulipofungua mgahawa wetu ugenini tuliona aibu hata kulitamka neno hilo.

Aibu hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumza na kijana wetu. Tulipokuwa tunapanga orodha yetu, mmoja wetu alipendekeza wali kwa maharage, na sisi wawili tukamcheka, tukamwambia kwamba hakuna mtu atakayetoa pesa Marekani kununua maharage. Nilisema hivyo mimi, ambaye asubuhi ileile nilikuwa nimelipia sahani ya wali mweupe na maharage meusi, ndizi mbivu pembeni na yai juu, na nimekuwa nikiilipia sahani hiyo mara nne kwa wiki kwa miaka. Mzee wa Kikuba hajajenga maisha yake kwa nguruwe wa sikukuu. Amejenga kwa maharage, wali, mayai na kahawa, vyakula ambavyo mtu anaweza kuvila kila siku bila kuchoka na bila kumaliza mshahara. Kila siku ya juma ina sahani yake, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, na Ijumaa ni samaki kwa kuwa wazee Wakatoliki hawapendi kula nyama siku hiyo. Dereva wa guagua anajua leo ni nini kabla hajaingia. Zamani, wakati viwanda vya kutarizi vilipokuwa bado vinafanya kazi, kulikuwa na daftari chini ya kaunta la wale waliokula wiki nzima na kulipa siku ya mshahara. Daftari hilo mzee analo mpaka leo, lina majina ya watu ambao wengi wao wamekwisha kufa au kuhamia Florida.

Nimejaribu kujua kwa nini Wakuba walikuwa na ujuzi huu tayari mkononi, na sehemu ya jibu iko katika historia yao. Kisiwani kwao migahawa midogo ya mtaani, yenye kuwalisha wafanyakazi kwa bei ndogo, iliitwa fonda, na mingi ilikuwa ya familia. Machi 1968 serikali ya Fidel Castro ilitaifisha biashara ndogo zote zilizobaki, zaidi ya 50,000, zikiwemo baa, vinyozi, madobi na vibanda vya kuuzia chakula. Sisi wa Tanzania tunaweza kulielewa jambo hilo kidogo, kwa kuwa mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili ya ushirika yachukue nafasi, na baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa waliofungiwa. Kuba haikuruhusu tena watu kuuza chakula majumbani mwao mpaka miaka ya 1990, na hapo walipewa idhini ya viti kumi na viwili tu. Kwa hiyo katika kipindi cha robo karne fonda iliyokuwa imefungwa Fomento na Havana iliendelea kupika Union City, Miami na Tampa, na mtu wa miaka thelathini aliyetaka kuijua alilazimika kuitafuta ng'ambo ya bahari. Mzee wangu wa Kikuba aliikuta kaunta ya baba yake imechukuliwa. Aliyoijenga Bergenline, anasema, ina urefu uleule, aliupima kwa kumbukumbu ya hatua zake alipokuwa mtoto.

Wala si yeye peke yake. Mgahawa wa Columbia ulioko Ybor City, Tampa, ambao leo unachukua mtaa mzima na kutembelewa na watalii, ulianza mwaka 1905 kama mkahawa wa kona ukiwauzia kahawa na sandwichi watu wa viwanda vya sigara. (Viwanda hivyo, Mheshimiwa Mhariri, vilikuwa na msomaji aliyelipwa na wafanyakazi wenyewe, aliyekaa juu ya jukwaa akiwasomea magazeti kwa sauti huku mikono yao ikiviringisha tumbaku, jambo ambalo naamini litakufurahisha.) Versailles ya Miami, iliyofunguliwa na Felipe Valls mwaka 1971, ina vioo na taa za fahari, lakini nenda asubuhi utakuta watu wamejaa kwenye dirisha la kahawa. Na huko Manhattan, pembeni ya Broadway na mtaa wa 78, kulikuwa na La Caridad 78, iliyofunguliwa mwaka 1968 na Wachina waliotoka Kuba, ambako wali wa kukaanga wa Kichina uliliwa pamoja na maharage meusi na ndizi mbivu. Nilikula pale mara nyingi siku nilizokuwa na shughuli upande ule, nikihudumiwa na mzee wa Kichina aliyezungumza Kihispania cha Havana. Ilidumu miaka 52 na ikafungwa mwaka 2020.

Sitaki kijana adhani kwamba maharage peke yake yanatosha. Mzee wangu alilinunua jengo lake katika miaka ya 1980, wakati bei ilikuwa chini, na ananiambia waziwazi kwamba kama angekuwa mpangaji leo asingekuwepo, kwa sababu kodi ya Bergenline imepanda kupita uwezo wa mtu anayeuza sahani za bei ndogo. Migahawa miwili ya rika lake, niliyoijua, imeondoka kwa sababu hiyo na si kwa kukosa wateja. Watoto wake pia wamesoma, mmoja ni mhandisi na mwingine mwalimu, na hakuna anayetaka kuamka saa tisa za usiku. Mpishi mkuu wa sasa ni mtu wa Ecuador, ambaye alijifunzia pale tangu akiwa muosha vyombo, na wateja wengi wa leo ni Wadominika, Wasalvador na Waekwado, kwani Wakuba wenyewe wamekuwa wakihamia Florida kwa muda mrefu. Chakula hakijabadilika. Nimemwona mpishi huyo akirudisha sufuria nzima ya maharage kwa kuwa hayakuwa mazito kama alivyofundishwa.

Nilijua uzito wa mahali hapa mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mwaka huo jimbo la New Jersey liliamuru migahawa yote isiruhusu watu kukaa ndani, na kaunti yetu ikapigwa na ugonjwa wa korona kwa namna ambayo sisi tuliokuwa tukiwahudumia wazee hatupendi kuisimulia. Katika nyumba niliyokuwa nikifanya kazi tulipoteza watu kila wiki. Nilikuwa natoka asubuhi nikiwa sitaki kumkaribia mtu yeyote, na lile dirisha la kahawa lilikuwa wazi. Mzee aliweka meza nje, akapanga sahani za karatasi zilizofunikwa, na kwa wahudumu wa wagonjwa hakupokea pesa kwa wiki nyingi. Juu ya yangu mpishi alikuwa akiandika kwa kalamu maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya "bila nguruwe", ili mwingine asiichukue kwa makosa. Watu walikuwa wakifa, na mtu yule alikumbuka jambo hilo kila asubuhi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa ndugu yangu wa Houston ni huu, na natumaini ataupokea kama nilivyoukusudia. Pilau na biriani aviweke, lakini aviweke Ijumaa na Jumamosi, kama mzee anavyoweka nguruwe wake wa kuoka. Jumatatu hadi Alhamisi apike vile ambavyo mama ntilie wa Kariakoo na wa Tanga hawajawahi kuviacha: chai ya maziwa na chapati alfajiri, supu kwa wanaotoka zamu, wali kwa maharage ya nazi, ugali na dagaa, mchicha, muhogo. Asiwapikie Waswahili peke yao. Wanaijeria na watu wa Amerika ya Kati waliojaa mjini kwake wanaujua muhogo, wanaijua bamia, wanazijua ndizi, na hawatahitaji kuelezwa. Wakuba bamia wanaiita quimbombó, jina lenye asili ya lugha za Kibantu, lililovuka bahari pamoja na watu waliouzwa kutoka Kongo na Angola. Kati ya waliopelekwa Kuba walikuwemo hata Wamakua kutoka Msumbiji, ndugu wa Wamakua wetu wa Masasi. Muhogo wa mzee wangu humiminiwa vitunguu saumu vilivyopondwa katika mafuta ya moto na maji ya danzi, tunda ambalo mimi nililiacha katika ua wa bibi yangu na sikutarajia kulionja tena katika maisha haya.

Asikodi ukumbi mkubwa. Kaunta moja na meza sita zinatosha. Atafute mahali penye kituo cha basi au lango la hospitali au kiwanda, si mahali penye maegesho mazuri ya wageni wa Jumamosi. Awe na jibu la kweli kwa mteja anayeuliza kilichomo katika sufuria. Na kama anaweza kwa namna yoyote kupata mkataba mrefu wa pango, au kushirikiana na wenzake wakanunua hata chumba kidogo, afanye hivyo kabla ya kununua kanga za ukutani.

Kabla hajatia sahihi mkataba wowote, namwomba kwanza aje New Jersey. Nauli iwe yake. Malazi na chakula juu yangu. Aje katikati ya juma, tuingie saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akae kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango wa jikoni, na ahesabu mwenyewe sahani za maharage zinazopita mpaka saa nne. Mzee sasa haji kila siku, magoti yanamsumbua, lakini Jumanne huwa yupo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi, mzaliwa wa Tanga,
Union City, New Jersey